Saa za Kazi na Saa za Usingizi: Hesabu ya Mjasiriamali wa Musoma, Bunda na Butiama

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Saa 11 alfajiri katika mialo ya Manispaa ya Musoma, kuanzia Mwigobero hadi Makoko, siku ya kazi ya baadhi ya watu inakwisha na ya wengine inaanza. Mitumbwi iliyokesha ziwani inarudi na dagaa, na wanawake wenye ndoo na mabeseni wanaisubiri ufukweni ili wapimiwe mapema na kuanika kabla jua halijawa kali. Baada ya hapo wachache ndio wanaokwenda kulala. Mwenye mtumbwi ana nyavu za kushona na betri za taa za kuchaji, naye mwanikaji ana genge la kufungua, watoto wa kuwahisha shule na mteja wa gunia la juzi anayepaswa kufuatiliwa.

Hali hiyo haiko Musoma peke yake. Katika Mji wa Bunda, ambako barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Sirari inapita katikati ya mji, mamalishe na waendesha bodaboda wamezoea kufuata ratiba ya mabasi na malori kuliko ratiba ya jua. Katika Wilaya ya Butiama, hususan maeneo ya machimbo ya Buhemba, kazi ya wachimbaji wadogo na ya mitambo ya kusaga mawe, ambayo wenyewe huiita karasha, haisimami kwa sababu giza limeingia. Wote hao wanajenga biashara, na wengi wanaijenga kwa kukopa kutoka katika usingizi wao. Makala haya yanaeleza mkopo huo unagharimu nini, sheria za nchi zinasema nini kuhusu saa za kazi, na mfanyabiashara mdogo anaweza kupanga vipi saa zake bila kupoteza kipato.

Saa 45 za sheria

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada hufanyika kwa makubaliano, haipaswi kuzidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine yanatakiwa mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki mapumziko ya saa 24 mfululizo. Kazi ya usiku, ambayo sheria inaitambua kuwa ni ile ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Wasomaji wengi wa mkoa huu wataona haraka kuwa vifungu hivyo havimgusi mwenye genge wala mwenye bodaboda yake, kwa kuwa yeye hana mwajiri. Ni kweli. Lakini vinamgusa siku anapoajiri binti wa kumsaidia dukani au kijana wa kulinda karasha. Hapo anakuwa mwajiri, na msaidizi wake anastahili saa zake 12 za mapumziko. Sheria inaruhusu saa hizo zipunguzwe hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi, iwapo mfanyakazi anaishi mahali pa kazi au siku yake ya kazi ina mapumziko ya angalau saa 3 katikati. Wapo wanaodhani kwamba msaidizi anayelala dukani yuko kazini usiku na mchana. Sheria haikubaliani nao.

Namba 45 ina historia katika mkoa huu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililoandaliwa chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, liliitaja. Lilieleza kuwa mfanyakazi wa mshahara mjini alifanya kazi takriban saa 45 kwa wiki, likaona kuwa saa hizo ni chache kwa nchi changa. Hata hivyo, Azimio hilohilo lilitambua kuwa wanawake wa vijijini walifanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, pamoja na Jumapili na sikukuu, na likawakosoa wanaume wa vijijini kuwa nusu ya maisha yao walikuwa likizo. Kwa hiyo, hoja ya Azimio ilihusu pia mgawanyo wa kazi ndani ya kaya. Miaka zaidi ya 50 baadaye, anayemtazama mwanamke anayeanika dagaa asubuhi, anayeuza sokoni mchana na kupika nyumbani jioni atakubali kuwa hoja hiyo haijazeeka.

Kinachotokea mwilini

Mwaka 2015 jumuiya za wataalamu wa usingizi nchini Marekani zilipendekeza kuwa mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayelala saa 5 usiku na kuamka saa 10 alfajiri. Amelala saa 5. Kila siku anabaki na deni la saa 2, na kwa wiki deni linafikia saa 14, sawa na usiku mbili kamili. Kulala sana Jumapili hupunguza uchovu, lakini hakulipi deni lote.

Athari ya kwanza ni ya akili kabla ya kuwa ya mwili. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature ulionesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya mikono na macho kwa kiwango cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, hali yake hulingana na kilevi cha takriban asilimia 0.10. Tatizo kubwa ni kwamba mwenyewe hajioni kuwa amelewa. Anahesabu chenji vibaya, anakubali bei ambayo asubuhi angeikataa, anasahau aliyemkopesha, anagombana na mteja. Hasara hizo haziandikwi katika daftari, ndiyo maana wengi huamini kuwa saa za usiku huwaletea faida tupu.

Athari ya pili huja polepole. Mwezi Mei 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kuwa vifo 745,000 duniani katika mwaka 2016 vilitokana na kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ikilinganishwa na mtu wa saa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Saa 55 si nyingi kwa mtu wa genge: anayefungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 3 usiku kwa siku 6 ana saa 90.

Ratiba ya mwezi

Wavuvi wa dagaa wana jambo la kuwafundisha wengine. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za betri na za nguvu ya jua. Mwanga huwavuta samaki karibu na mtumbwi kabla ya kuzungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu, na uvuvi husimama au hupungua kwa siku kadhaa. Kwa maneno mengine, ziwa lenyewe limeweka likizo kila mwezi, na haikuhitaji kikao cha mtu yeyote.

Likizo hiyo hutumiwa vibaya na baadhi yao. Siku za mbalamwezi ndizo siku za safari, misiba, ujenzi na vilabu, na mvuvi hurudi ziwani amechoka kuliko alivyotoka. Anayetaka biashara yake idumu angeanza kipindi hicho kwa kulala usiku mbili au tatu kamili, kisha ndipo afanye mengine.

Kuna siri nyingine katika kalenda hiyo. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku. Usiku wa nne au wa tano baada ya mwezi mpevu, giza linakuwapo kwa saa kadhaa za mwanzo kabla mwezi haujatoka. Mtumbwi unaotoka mapema na kurudi mwezi unapochomoza unaacha sehemu ya pili ya usiku kwa ajili ya usingizi. Kadiri giza linavyoongezeka, saa za kazi nazo zinaongezeka. Mwenye mtumbwi anayepanga zamu za watu wake kwa kufuata kalenda ya mwezi, badala ya kuwatoa wote kila usiku, hapotezi samaki wengi na anabaki na mabaharia wanaoona vizuri.

Kuona vizuri si jambo dogo. Dhoruba za Ziwa Victoria hutokea mara nyingi usiku na alfajiri, wakati hewa inayotoka nchi kavu inakutana juu ya maji. Mvuvi aliyesinzia hutambua upepo umebadilika wakati mawimbi yameshaingia. Saa za kusubiri dagaa wakusanyike kwenye taa zinafaa kutumiwa kwa kupokezana: mmoja akiangalia taa na anga, wengine wakipumzika huku wamevaa maboya. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo na mawimbi zisikilizwe kabla ya kuondoka, si baada ya kufika katikati ya maji.

Akirudi ufukweni, mvuvi analazimika kulala mchana, na mwili haupendi hivyo. Mwanga wa jua huzuia homoni ya melatonini, ile inayouambia mwili kuwa ni usiku, na joto la bati hukatisha usingizi. Chumba kifungwe mapazia mazito au hata blanketi dirishani, simu izimwe, na jamaa wa nyumbani wakubaliane kuwa baba au kaka huyo yuko usiku wake. Alale mapema baada ya kufika, asingoje saa 6 mchana. Kabla ya kutoka tena jioni, usingizi wa dakika 20 hadi 30 humsaidia sana. Kwa kuwa mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku, anayesubiri ufukweni au kulala kwenye kambi ya wavuvi anahitaji chandarua sawa na aliyeko nyumbani. Kulala mchana hakumwondoi katika hatari ya malaria kama usiku anakaa nje bila kinga.

Mkopo unaolipwa kwa saa

Mtu mwingine akiulizwa kwa nini halali, jibu lake si uvivu wa wateja wala wingi wa kazi. Jibu ni marejesho.

Mikopo ya mitaani ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu hulipwa kila siku au kila wiki. Tufanye hesabu ya mfano. Mwanamke amekopa Sh. 300,000 na kutakiwa kulipa Sh. 12,000 kila siku kwa siku 30, jumla Sh. 360,000. Ikiwa genge lake humpa faida ya Sh. 1,000 kwa saa, saa 12 za kwanza za kila siku ni za mkopeshaji. Chakula, ada na kodi ya pango vinatoka katika saa ya 13 na kuendelea. Hakuna ushauri wa afya utakaomfanya afunge mapema, kwa sababu saa zake amekwisha kuziuza.

Sasa tuchukue kikundi cha watu 5 kilichopata mkopo wa halmashauri wa Sh. 3,000,000 usio na riba, wa kulipwa kwa miezi 12. Kila mmoja ana wajibu wa Sh. 50,000 kwa mwezi, yaani chini ya Sh. 2,000 kwa siku. Kwa faida ileile, deni linalipwa kwa saa 2. Tofauti kati ya mikopo hiyo miwili ni saa 10 za kila siku, na ndani ya saa hizo ndimo ulimo usingizi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha usimamizi, na ukarejeshwa mwaka 2024 chini ya utaratibu mpya. Aidha, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni au usajili unaohusika, na Benki Kuu ya Tanzania ndiyo yenye jukumu la usimamizi. Mwananchi ana haki ya kuomba kuona leseni ya mkopeshaji na kupewa mkataba wa maandishi unaoonesha riba na tozo zote. Mkopeshaji anayekasirishwa na swali hilo ameshajibu.

Barabarani na machimboni

Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri saa 24, vituo vilivyo kando ya barabara kuu, kama vile Bunda na Makutano, vina abiria wa usiku. Kwa dereva wa bodaboda hiyo ni fursa. Ni hatari pia kwa yule aliyeanza kazi saa 12 asubuhi. Mtu aliyechoka sana husinzia kwa sekunde chache bila kujua, macho yakiwa wazi. Katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde 4 za namna hiyo ni mita 67 ambazo pikipiki imejiendesha yenyewe. Vijana wa kijiwe kimoja wanaweza kugawana: kundi la mchana na kundi la usiku, kwa kupokezana kila wiki. Mwenye pikipiki anayedai hesabu ya kila siku naye ana sehemu yake katika jambo hili, kwa kuwa kiasi anachokidai ndicho kinachoamua dereva wake atalala saa ngapi.

Machimboni, uchovu huongeza hatari ambazo tayari ni nyingi: duara lisilo na nguzo imara, mashine isiyo na kinga, na zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu. Mfanyakazi aliyeajiriwa akiumia kazini anaweza kudai kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anayejiajiri hana mfuko huo. Akivunjika mguu, biashara inasimama siku hiyohiyo.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu havizalishi nguvu, vinaficha uchovu tu. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu mwilini, hivyo kikombe cha saa 12 jioni bado kina nusu yake saa 5 usiku. Pombe humwahisha mtu kusinzia lakini huvuruga usingizi wa alfajiri. Mirungi, ambayo baadhi ya vijana hutafuna ili wakeshe, ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku nchini, na anayekutwa nayo ana kesi ya jinai.

Daftari la saa

Kabla ya kuamua kufunga mapema, mfanyabiashara apime. Kwa wiki mbili aandike katika daftari mauzo ya kila saa, si ya siku nzima. Wengi hufahamu walichouza leo, lakini hawafahamu walikiuza saa ngapi. Tuseme kati ya saa 3 na saa 5 usiku genge linauza bidhaa za Sh. 4,000, na faida yake ni Sh. 600. Mwenye genge analipa Sh. 1,000 ya bodaboda kurudi nyumbani kwa kuwa giza limeingia, ilhali saa 3 angetembea na majirani. Saa hizo 2 zinamtia hasara ya Sh. 400 kila siku, mbali na usingizi. Daftari likionesha kinyume, kwamba wateja wengi huja usiku, basi saa za kukatwa ni za asubuhi au za mchana, na genge lifunguliwe saa 4. Biashara chache sana zinahitaji kuwa wazi pande zote mbili za siku.

Pia daftari husaidia nyumbani. Likiwekwa mezani, mume na watoto wakubwa wanaona ni nani anayeamka saa 10 na ni nani anayeamka saa 1. Kuteka maji, kuwasha moto na kuandaa watoto ni kazi zinazoweza kupewa mtu mwingine bila mtaji wowote.

Mwenye dalili za kuumwa kichwa asubuhi mara kwa mara, kukoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika, kusinzia katikati ya mazungumzo au kukosa usingizi kwa wiki kadhaa hata akipata nafasi, afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na kupimwa shinikizo la damu na sukari. Malalamiko ya wafanyakazi kuhusu saa za kazi hupelekwa kwa Afisa Kazi, na migogoro isiyomalizika hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuhusu mikopo ya asilimia 10, wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama waanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao, ambaye ataeleza masharti ya kusajili kikundi na nyaraka zinazotakiwa. Kikundi kiende na katiba yake, orodha ya wanachama wenye vitambulisho na maelezo ya biashara. Na wanaoandika maelezo hayo waonyeshe pia saa watakazofanya kazi na jinsi wanachama watakavyopokezana zamu.